Miraba 20, Mashine Mbili: Kisa cha Mfarishi wa Mama

Jumapili ile Yaya, dada yangu mkubwa, alikuwa ametandika mikeka miwili sebuleni kwake Katuba, hapa Lubumbashi, na juu yake ameipanga miraba yote 20 ya mfarishi, yaani blanketi la kuunga vipande vya vitambaa, mistari mitano ya miraba minne minne. Ukiwa mlangoni ungedhani soko la vikwembe (vitenge) limemwagika sakafuni. Ukiinama ndipo unaona ubaya: hakuna mraba uliopatana na jirani yake. Kona ya huu inagota katikati ya ubavu wa ule. Mstari wa pili umejipinda kama foleni ya watu waliochoka kusubiri. Na chini kabisa, mraba wa magogo, ulioshonwa kwa unadhifu kuliko yote, umezungukwa na pengo la kutosha kulaza biki.

"Ni ule mutoto," Yaya alisema kabla sijakaa. "Mukono yake haiko sawa. Angalia, yake yote ni mikubwa."

"Mtoto" mwenyewe ana miaka 17, ni binti wa jirani anayejifunza ushonaji kwake. Wakati huo alikuwa uani anachambua matembele, na mlango ulikuwa wazi.

Kwingineko neno "yaya" ni mlezi wa watoto. Lubumbashi ni dada au kaka aliyekutangulia kuzaliwa, na hata ukiwa na wajukuu humwiti kwa jina lake. Nalitaja mapema kwa sababu nusu ya kisa hiki ni hesabu ya milimita, na nusu ya pili ni namna ya kumwambia yaya wako kwamba hesabu hiyo inamwelekea yeye.

Mfarishi ulianza kwa sababu ya baridi. Wasioijua Lubumbashi hudhani Kongo yote ni joto na jasho. Sisi tuko kwenye uwanda wa juu, mita 1,200 hivi, na Juni na Julai usiku huingia mpaka mifupani. Mama alikuwa akilala na mablanketi mawili mazito, asubuhi anaamka akilalamikia magoti, na shida haikuwa baridi, ilikuwa ule uzito. Yaya akaamua kumshonea mfarishi mwepesi wa vitambaa vya ukoo, kila mraba na mtu wake au siku yake. Humo mna kikwembe cha harusi ya mdogo wetu wa mwisho, chekundu. Mna cha matanga ya Baba. Mna vya tarehe 8 Machi vya miaka kadhaa, maana kwetu siku ya wanawake kila mwaka hutoka na kikwembe chake, na ukifungua kabati la mama wa Kikongo unaweza kuhesabu miaka kwa kitambaa. Mna mabaki ya sare zangu za shule. Na mna kimoja cha kijani chenye samaki, ambacho Yaya alikitoa katika sanduku la Mama mwenyewe, akisema Mama hakivai tena.

Alichagua mfarishi wa mifano, yaani ule ambao kila mraba una mchoro wake na hakuna mchoro unaorudiwa. Ni darasa la zamani la washonaji: unaanza na mraba wa vipande tisa, ambao hata mtoto atauweza, unapanda polepole hadi kwenye nyota zenye pembetatu, na ukimaliza una blanketi na umejua kazi. Wamarekani ndio walioikuza sana na kuipa michoro majina. Nyota ya Ohio ni jimbo lao. Nyumba ya Magogo ilienea kwao miaka ya 1860, na kipande chekundu cha katikati husemwa kuwa ni moto wa nyumba. Yaya aliikusanya michoro kwenye simu, akaigeuza alipotaka. Mraba wa nyumba, ambao kwa wenyewe una paa na mlango, kwake ukawa dohani refu la kiwanda cha shaba na kile kilima cheusi cha mabaki ya madini pembeni, kama tunavyoviona kila siku. Wa 20 hakuiga popote. Ni msalaba wa shaba, ule wa Katanga wenye umbo la X uliotumika zamani kama fedha, na ambao mwaka 1960 uliwekwa kwenye bendera ya Katanga. Aliujenga kwa vipande vidogo vya mraba, sita kwa sita, rangi ya shaba juu ya kijani. Kwa macho yangu ndio mzuri kuliko yote. Nao ulikuwa pungufu.

Walikuwa wanashona mraba mmoja kwa juma, tangu Novemba. Kushona hivyo kuna utamu wake: kazi kubwa haikutishi, kila Jumamosi una kitu kilichokamilika mkononi, unakipiga pasi, unakikunja, unakitia droo. Mtego umo humo humo kwenye droo. Mraba unaokaa peke yake hauna wa kushindana naye. Kwa miezi mitano hakuna aliyeulaza mraba mmoja juu ya mwingine.

Mimi nashona sare huko Kampemba, kwa hiyo natembea na rula ya chuma ya sentimita 50 na sioni haya kuitoa mbele ya watu. Kabla ya kupima nilimwuliza Yaya alikusudia nini. Mraba uliokwisha kuunganishwa na wenzake uwe sentimita 30. Nafasi ya mshono, yaani kile kitambaa kinachobaki nyuma ya uzi, iwe sentimita 0.75. Kwa hiyo mraba ukiwa bado mbichi, haujaunganishwa na chochote, uwe 31.5. Vipimo hivyo ni sawa kabisa. Wanaoshona kwa inchi hutumia robo inchi, ambayo ni milimita 6.35, na ukichanganya michoro ya inchi na ya sentimita umejitafutia maradhi. Hilo Yaya alilijua, na michoro yote aliigeuza mwenyewe kwa daftari.

Mshukiwa wangu wa kwanza ulikuwa metre yake, ule utepe wa kupimia wa kitambaa, maana hizo huzeeka zikatanuka. Nikailaza kando ya rula. Haikuwa na kosa.

Basi nikachukua daftari, nikachora safu nne: mraba gani, nani aliushona, una upana gani, na safu ya nne ambayo Yaya aliitazama kwa dharau, "mishono mingapi kutoka ubavu huu hadi ule". Tulipima yote isipokuwa mmoja, ule wa msalaba wa shaba. Binti tulimwita ndani atusomee rula, kwa sababu macho yake ni mapya kuliko yetu, na pia, nikiri, kwa sababu nilitaka awepo.

Miraba yake ilikuwa 8. Saba kati yake ilikaa baina ya 31.3 na 31.6, ambayo kwa mkono wa mtu ni sawasawa. Mmoja, nyota, ulikuwa 31.9 na kingo zake zinayumba kama jani la mgomba. Miraba ya Yaya ilikuwa 12. Miwili ilikuwa 31.4 na 31.5. Tisa mingine ilishuka: 31.1, 30.9, na ule wa magogo 29.9. Wa 12 ndio msalaba.

Kwa maneno mengine, mikubwa ndiyo iliyokuwa sahihi. Yaya aliona tofauti, na kwa kuwa yeye ndiye mwalimu, akachukulia ya kwake kuwa kipimo. Sikusema hivyo. Nilisema, "Yaya, hii miwili yako ya 31.4 na 31.5, uliishona wapi?"

Akafikiri. "Ile Jumamosi ya mvua. Siku umeme ulikuwako mpaka usiku."

Hapo ndipo kisa kilipofunguka. Nyumbani kwa Yaya kuna mashine mbili. Ya umeme iko dirishani, na binti huitumia asubuhi, saa ambazo kwa kawaida umeme upo. Jioni umeme hukatika, naye Yaya, akishamaliza shughuli za nyumba, hukaa kwenye mashine ya miguu pembeni ya taa ya sola. Wote wawili hushona vilevile kama tulivyofunzwa sote: ukingo wa kitambaa unauweka sambamba na ukingo wa mguu wa mashine, ile chuma inayokandamiza kitambaa, halafu unakanyaga. Mguu ndio rula yako. Lakini mguu wa ile mashine ya zamani ulivunjika mwaka juzi, na fundi alifunga mwingine uliotoka mashine nyingine. Unashona vizuri tu. Nilipoteremsha sindano juu ya rula, kutoka kwenye ncha yake hadi ukingo wa mguu ilikuwa milimita 8.5. Mashine ya umeme: 7.5.

Milimita moja. Ni nafasi kati ya vistari viwili vya rula. Kwenye kaunda suti haina maana yoyote, na ndiyo sababu Yaya ameshona mwaka mzima kwa mashine hiyo bila mteja hata mmoja kulalamika. Gauni lina mishono minne, mitano kuzunguka kiwiliwili, na mwili wa mtu una subira. Mraba wa mfarishi hauna subira, kwa sababu kila mshono una kingo mbili. Ukizidisha milimita moja, unakula moja upande wa kushoto na moja upande wa kulia, jumla mbili kwa kila mshono. Sasa hesabu. Mraba wa vipande tisa una mishono miwili kutoka ubavu hadi ubavu, kwa hiyo unapoteza milimita 4, na 31.5 inakuwa 31.1. Wa vipande kumi na sita una mitatu: 30.9. Ule wa magogo una kipande cha katikati na magogo manne kila upande, mishono minane. Milimita 16 zimekwenda, na 31.5 inabaki 29.9.

Ndiyo maana kosa lilionekana kama mkono unaotetemeka. Mashine ilikuwa inakosea kwa kiasi kilekile kila mara, kwa uaminifu kabisa, lakini kila mchoro una idadi yake ya mishono, kwa hiyo kila mraba ulitoka na kipimo chake. Na kadiri mchoro ulivyokuwa mgumu ndivyo ulivyopungua zaidi, hata Yaya akawa anaamini kwamba anachoka. Mraba uliomtesa zaidi, akaufumua mara mbili na kuushona upya kwa mashine ileile, ulikuwa wa magogo.

Ningeweza kumwonyesha hesabu kwenye daftari. Sikufanya hivyo. Mdogo haweki daftari mbele ya yaya wake mbele ya mwanafunzi wake. Kulikuwa na mraba mmoja ambao hatujaufikia bado, msalaba wa shaba. Nikasema, "Huu una mishono mitano. Kama mashine ya miguu ndiyo mwizi, tutapata 30.5." Binti akaweka rula. Akasoma kimoyomoyo, akaniangalia, akasoma kwa sauti: thelathini na nusu.

Yaya hakujibu. Alikwenda kwenye kapu la mabaki, akakata kanda sita za upana wa sentimita 4.5, akashona tatu kwenye mashine ya umeme na tatu kwenye ya miguu. Jaribio hili ni la zamani na sijaona bora yake: ukishona kanda tatu za 4.5 ubavu kwa ubavu, ile ya katikati, iliyoliwa pande zote mbili, lazima ibaki sentimita 3 kamili. Alipiga pasi, akapima mwenyewe kwa metre yake mwenyewe. Ya umeme ilitoa 3. Ya miguu ilitoa 2.8. Akazigeuza, akapima tena kwa nyuma. Kisha akasema, si kwetu, kwa ile mashine, "Weye, kumbe."

Kwa binti hakusema kitu siku ile. Lakini tulipokula bukari (ugali) na kuku jioni, alichukua firigisi akaiweka kwenye sahani ya binti. Kwetu firigisi haitolewi ovyo.

Sasa ile nyota ya 31.9. Kwa haki, hapo kosa lilikuwa la binti, ingawa na lenyewe lina mama yake. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi mbili, mtande na mshindio, na kikivutwa kwa kufuata mojawapo hakitanuki. Kikivutwa hanamu, kona kwa kona, kinanyumbuka kama lastiki. Pembetatu yoyote ina upande mmoja angalau wa hanamu, kwa hiyo siri ni kuuficha ndani. Katika Nyota ya Ohio pembetatu za pembeni zina upande mrefu unaotazama nje ya mraba. Ukikata kipande cha mraba mara mbili, kona kwa kona, unapata pembetatu nne ambazo upande wao mrefu unafuata uzi ulionyooka. Hanamu inaingia kwenye mishono na inatulia. Binti hakukata hivyo. Aliambiwa abane matumizi, akaweka kigezo cha katoni juu ya vibaki vyovyote alivyopata, kwa mkao wowote uliotosha. Pembetatu zake zote zilikuwa na umbo sahihi, na kwenye nne hanamu ilitazama nje. Halafu pasi ya makala (mkaa) ikamaliza kazi. Pasi ile ni nzito, na mtu akiisukuma mbele na nyuma kama anapiga shati, hanamu inatanuka mbele ya macho yake. Mraba haupigwi pasi kwa kusukuma. Unainua, unaweka, unahesabu mbili tatu, unainua.

Ushauri wangu kwa pembetatu, na wengine watabisha: msikate kwa kipimo cha mwisho. Kwa pembetatu mbili zinazofanya mraba mdogo wa sentimita 10, hesabu inadai ukate kipande cha 12.5 hivi. Kata 13. Shona, piga pasi, halafu punguza hadi 11.5. Kitambaa unachokitupa hakijazi hata kiganja, na unajiondolea ugomvi.

Tulijua maradhi, ikabaki dawa. Yaya alitaka kufumua yote kumi na kuishona upya. Nilimwonyesha kingo za vikwembe vya 8 Machi, vile vyepesi vilivyochapwa upande mmoja tu: vingine vilikuwa vimeanza kuchanika kwenye matundu ya sindano. Ukifumua, utapata nyuzi. Jirani aliyeingia kuomba chumvi akasema, kateni yote ifuate ule mdogo. Hilo lingekuwa mauaji. Nyota ina ncha zinazogusa ukingo kwa nafasi ya mshono tu; ukinyofoa milimita 8 kila upande, ncha zinakatwa na nyota inakuwa ua lililokanyagwa.

Binti wa Yaya, anayesoma chuo, ndiye aliyeleta wazo ambalo lilinishawishi kwa muda. Alitoa simu akatuonyesha mifarishi ya wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, waliyoishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, mistari imepinda, miraba haifanani, na bado huwezi kuondoa macho. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwenye makumbusho Houston, kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaichapa kwenye stempu. "Si tuache hivi hivi?" akasema. Niliitazama muda mrefu ile picha. Jibu langu ni kwamba wale mama hawakukosea kipimo. Wamepinda tangu mkasi wa kwanza. Rangi inabeba mpindo, na kila kipande kinajua kwa nini kiko pale. Wetu ulichorwa kwa rula. Mfarishi uliochorwa kwa rula ukipinda kwa bahati mbaya unaonekana umepinda tu.

Tulichofanya ni kuzungushia kila mraba fremu. Tulikata kanda za sentimita 5.5, tukashona pande zote nne za kila mraba, kisha tukapunguza miraba yote 20 hadi 36.5, ili ikiunganishwa ibaki 35. Mraba mdogo kabisa, wa magogo, ukabaki na fremu ya 3.3 kila upande. Nyota kubwa ikabaki na 2.3. Tofauti ya sentimita moja ingeonekana kama fremu zingekuwa na rangi yake. Ujanja uko hapa: kanda zinazotenganisha miraba, tulizozikata 6.5 ili zibaki 5, zilitoka kwenye kitambaa kilekile cha fremu. Jicho haliwezi kujua fremu inaishia wapi na mpaka unaanzia wapi. Linaona michoro 20 inayoelea juu ya rangi moja, na michoro inayoelea hakuna anayeipimia kingo. Nyota iliyoyumba tuliipiga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono, tukiivuta hanamu irudi ndani kidogo kidogo, ndipo tukaifunga kwa kanda iliyonyooka.

Hesabu ya kitambaa: kanda za fremu zinakula kama mita moja na nusu, za mipaka mita moja na kitu. Yadi tatu, yaani mita 2.74, zingetosha kwa kuombea. Tulinunua nne. Ilikuwa popelini ya kijani kibichi kama jiwe la malakiti, kutoka soko la Kenya (si nchi, Kenya ni mtaa wa mji wetu, na wageni huchekesha sana kwa swali hilo). Yaya alitaka nyekundu. Nilimwambia aniletee beseni.

Maana jambo la rangi lilikuwa linaninyima usingizi kuliko milimita. Vipande havikufuliwa kabla ya kukatwa. Vingine vilitoka kwenye nguo zilizovaliwa miaka na vimekwisha kujikunja vyote; vingine ni mabaki mapya yenye wanga wa kiwandani. Nilikata kibaki kipya cha 8 Machi, sentimita 50 kamili, nikakiloweka katika maji ya moto na kukianika: kilirudi 48.5. Kujikunja huko kunavumilika, mfarishi unapata mikunjo na wengine huupenda hivyo. Rangi inayotoka haivumiliki. Tulipitisha kila kitambaa kwenye kipimo kimoja: kitambaa cheupe kilicholowa juu yake, na pasi ya moto juu ya vyote viwili. Viwili viliacha alama, chekundu cha harusi na buluu nzito moja. Jirani yule wa chumvi akashauri chumvi. Chumvi ina kazi yake wakati wa kutia rangi. Rangi iliyokwisha kutiwa na haikushika, chumvi haiishikilii. Miraba hiyo miwili niliiloweka peke yake, kila mmoja na beseni lake, maji mengi ya moto na sabuni ya vyombo, usiku kucha, ili rangi inayotoka ielee majini isitue kwa jirani. Asubuhi maji ya kile cha harusi yalikuwa mekundu kama juisi ya ngai-ngai (rozela). Nikarudia. Mara ya tatu yakabaki maji. Mraba ulipungua milimita 6, na fremu ikaumeza. Yaya aliangalia beseni, akaacha kutaja nyekundu.

Mashine ya miguu hatukuifukuza. Yaya alibandika sparadra (plasta ya vidonda) tabaka nne juu ya bamba lake, mstari mmoja wima milimita 7.5 kutoka kwenye sindano, na kitambaa sasa kinateleza kikiegemea huo ukuta, mguu hauna neno tena. Akabandika na kwenye ya umeme, kwa usawa, ili isionekane kuna mashine iliyoadhibiwa.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Katikati tuliweka shuka nzito za flaneli za mitumba, tabaka mbili, badala ya blanketi, kwa sababu ya uzito. Nyuma bitana ya pamba. Tulipiga bandi kutoka katikati kwenda pembeni, kisha hatukutia mashine. Tulifunga mafundo ya uzi wa pamba kila sentimita 10, wanawake wanne tukikaa kuzunguka kama tunacheza kisolo (bao). Ulitoka sentimita 165 kwa 205. Binti alishona pindo lote la pembeni peke yake.

Tuliupeleka kwa Mama wiki ya kwanza ya Juni, jioni. Aliupapasa kwa vidole kabla ya kuufunua, kama anavyopapasa unga sokoni, akasema ni mwepesi. Akautandaza. Akatambua harusi, akatambua matanga, akanyamaza kidogo hapo. Akacheka kwa dohani. Msalaba wa shaba aliufuata kwa kidole, mkono hadi mkono. Kisha kidole kikafika kwenye ile nyota ya binti, katikati yake, kwenye kijani chenye samaki, kikasimama.

"Hii kikwembe yangu ya samaki," alisema. "Nimeitafuta toka Pasaka. Nani alifungula sanduku?"

Yaya aliniangalia mimi. Mimi nilimwangalia binti. Binti alikuwa amekwisha inuka kwenda kuangalia maji ya chai.